Usinunue barakoa nyingine, pasha mpira kwanza

Mkuu, usitume hiyo hela. Umesema uko Makambako, mashine ya kupumulia usingizini (CPAP, ile inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge) unayo mwezi wa pili sasa, na tangu baridi ya Juni iingie unaamka saa tisa usiku barakoa imejaa maji, mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mashine unalia gorogoro, matone yanakuingia puani. Muuzaji kakwambia barakoa ni mbovu, nunua nyingine na uzime kitenki cha maji, kile kinachoipa hewa unyevu. Nakujibu hilo la muuzaji, maana mimi niliambiwa hayohayo na nikayafuata yote.

Niko Njombe. Mashine niliipata nikiwa Dar, nikalala nayo miezi minne sikuona hata tone. Nimerudi nyumbani mwezi wa sita, wiki haijaisha, mashavu yanalowa. Nikampigia aliyeniuzia. Hakuniuliza nalala wapi wala chumba changu kina baridi kiasi gani. Akasema, "Hiyo barakoa imechoka." Miezi minne, imechoka! Nikatuma sh. 350,000, ikaja na basi. Maji yaleyale. Nikapiga tena, sasa tatizo limekuwa saizi, chukua inayofunika pua na mdomo. Sh. 420,000. Hela yangu ya mbegu za viazi imelala kabatini kwenye mfuko wa rambo mpaka leo, na bado nina hasira. Mtu anayeuza kifaa cha pumzi anatakiwa ajue kinavyofanya kazi kwenye baridi, la sivyo auze ndoo.

Mara ya tatu ndipo akaniambia nizime kitenki. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Hewa kavu ikisukumwa puani usiku kucha inakausha kila kitu. Usiku wa tatu pua imeziba, asubuhi napenga naona damu kwenye leso. Nikaivua mashine, nikasema nitairudia baridi ikipungua. Nikakaa wiki tano.

Wiki tano, Mkuu. Hii mashine haiponyi. Inashikilia njia ya hewa isijifunge ukiwa usingizini, basi. Usiku uleule unaoivua, koo linaanza kufunga tena. Mke wangu akawa halali, yuko macho ananisikiliza, nikinyamaza ananisukuma ubavuni nivute pumzi. Mchana nasinzia kikombe cha chai kiko mkononi. Na mimi naendesha Canter.

Mwisho wa Julai nikabeba viazi kwenda Dar. Tunashuka mlima Kitonga, saa nne asubuhi, jua linawaka, nikafumba macho. Kilichoniamsha ni honi ya semi iliyokuwa inapanda na mkono wa mwanangu juu ya usukani. Tairi za mbele zilikuwa zimeshaingia upande wa wanaopanda. Mwanangu ana miaka 19. Nilisimama Ruaha Mbuyuni pale wanapouza vitunguu, nikakaa saa nzima nashindwa kugeuza ufunguo. Yeye naye hakusema neno, alikuwa anamenya tu ganda la kitunguu kimoja mpaka kikaisha.

Nilipofika Dar nilienda kwa muuguzi aliyenifundisha kuvaa ile mashine siku ya kwanza. Akaniuliza swali moja tu: "Mpira wako unapita wapi?"

Unapita juu ya blanketi, kwenye baridi. Kumbe ndiyo habari yote. Kitenki kinapasha maji, hewa inatoka pale ya moto imebeba mvuke. Ikisafiri karibu mita 2 ndani ya mpira wa baridi inapoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote ule, inaumwaga. Ni kama wali jikoni, funua sufuria uone chini ya mfuniko. Barakoa ina kosa gani hapo? Yenyewe inapokea maji tu.

Kwa hiyo pasha mpira. Mimi nilimpelekea fundi cherehani kipande cha blanketi zito, akanishonea mfuko mrefu mwembamba, sh. 4,000, nikauvika mpira wote kuanzia kwenye mashine hadi karibu na barakoa. Barakoa yenyewe usiifunike, vile vitundu vyake ndivyo vinavyotoa pumzi uliyokwisha itumia, ukiviziba unairudisha kifuani. Kisha mpira unaingia ndani ya blanketi pamoja na mimi, unapata joto la mwili. Mashine nikaishusha kutoka kwenye meza nikaiweka kwenye kigoda, chini kuliko godoro, ili tone likijitokeza lirudi kwenye kitenki badala ya kuteremka puani. Unyevu nikaupunguza namba moja, kutoka 5 hadi 4. Sikuuzima. Kama mashine yako inakubali mpira wenye waya wa joto ndani, huo ndio wa kununua siku hela ikipatikana. Barakoa iache.

Kuna mwenzetu hapo juu kakushauri uingize jiko la mkaa chumbani. Mkuu, nakusihi, usithubutu! Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala kila msimu wa baridi, na wewe una mashine inayovuta hewa ya chumba hichohicho na kukusukumia moja kwa moja kifuani.

Leo usiku, hata kabla ya fundi, chukua kanga nzito au sweta kuukuu, zungushia mpira, uingize ndani ya blanketi, mashine iwe chini. Kitenki kiwashe. Ukiamka saa tisa, kabla hujavua chochote, shika mpira kwa mkono katikati, usikie kama una joto, kisha uje uniambie hapa umekuta nini.