Mwaka 1896 ulikuwa na nini?

Ndugu, umeuliza 1896 kulitokea nini duniani. Kwangu mimi la kwanza ni vita vya Adwa, Ethiopia: Machi 1 jeshi la Mfalme Menelik II liliwachapa Waitalia, na Oktoba Italia ikatia saini mkataba wa kuutambua uhuru wa Ethiopia. Aprili ikaja Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens. Halafu kuna letu la Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Agosti 25, Khalid bin Barghash akajitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Agosti 27, saa tatu asubuhi, manowari zao zikaipiga kasri. Vita vikaisha kwa dakika 40 hivi (chai haijapoa!), Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.