Chungu wekundu kwenye mkorosho: je, ni siafu?

SWALI: Nina mikorosho Mkuranga. Chungu wekundu wamejaa matawini, wanatung'ata vibaya tunapopogolea. Muuza dawa alitazama picha kwenye simu yangu akasema ni siafu, kwa sababu ni wekundu na wamo wakubwa kwa wadogo. Nilipowatazama kwa lenzi niliona kiuno chenye nundu moja ndefu, na macho meusi yanayoonekana wazi. Nipulize dawa?

JIBU: Usipulize. Hayo macho uliyoyaona yamemaliza ubishi, maana siafu mfanyakazi hana macho. Nundu moja peke yake isingetosha, kwani siafu wa kawaida naye anayo moja. Lakini nundu ndefu na nyembamba, macho makubwa, na maisha ya juu ya mti: huyo ni majimoto, Oecophylla longinoda. Tafuta viota vya majani mabichi yaliyoshonwa kwa nyuzi nyeupe, kisha mchokoze uone anavyonyanyua tumbo. Hana mwiba. Anang'ata kwa taya na kumwagia asidi palepale alipong'ata, ndiyo maana panawaka.

Kinachoniudhi ni hii tabia ya kumtaja chungu kwa rangi. Naikuta kila mahali, na hakuna alama dhaifu kama hiyo. Majimoto hao hao huweza kuwa wa manjano, wekundu, au kahawia iliyokolea. Ukubwa nao unadanganya: katika kundi moja wamo wa milimita 5 na wa karibu 10, wote ndugu. Anayekutajia aina kwa picha isiyoonyesha kiuno wala vipapasio anabahatisha tu, na mwenye kubahatisha huku ana chupa ya sumu mkononi ni hatari kwa shamba lako.

Maana chungu ambaye muuza dawa anataka kukuulia ni mlinzi wako. Majimoto huwinda mbu wa mikorosho (si mbu wa kawaida, ni mdudu anayefyonza mti), na pia kunguni wa minazi anayefyonza nazi na korosho changa. Utafiti wa Zanzibar wa miaka ya 1950 ulishaonyesha kwamba minazi yenye majimoto hupona madhara ya kunguni huyo.

Wa kumwogopa ni mwingine kabisa, Pheidole megacephala: mdogo wa kahawia, milimita 2 hadi 4, nundu mbili kiunoni, na askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Hujenga ardhini kwenye shina na huwafukuza majimoto. Ukipulizia matawi, unamwachia yeye mti.

Mkitaka kutambulishiwa chungu, ninyi nyote mnaonitumia picha, mpigeni kwa ubavu ili kiuno kionekane. Bora zaidi, chukueni wakubwa na wadogo wa kiota kimoja, muwatie kwenye spiriti pamoja na kikaratasi cha mahali, mti na tarehe. Andikeni kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka humo. Na muuzaji atakayetaja jina kabla ya kuuliza nundu ni ngapi, msinunue dawa yake.