Penalti niliyokosa na begi nyuma ya mlango

Mpira haukudakwa wala haukugonga mwamba. Ulipaa juu ya goli, ukavuka ukuta wa uwanja, na mtoto mmoja akaukimbilia huku akicheka. Ilikuwa fainali ya kombe dogo tu, lakini mwili haujui ukubwa wa kombe. Wiki nzima sikulala vizuri. Nikifumba macho namwona yule mtoto.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya filimbi. Nilikwenda nyumbani peke yangu, nikalala na njaa, nikashika simu na kusoma kila neno nililotupiwa kwenye kundi la timu mpaka saa nane usiku. Penalti ilinichoma, ila kidonda nilikichokonoa mwenyewe.

Robo fainali ya Kombe la Dunia 2010, Asamoah Gyan wa Ghana alipata penalti dhidi ya Uruguay mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Ikagonga mwamba. Dakika chache baadaye, kwenye mikwaju ya kuamua mshindi, yeye ndiye aliyetangulia kuipigia Ghana, akafunga. Walitolewa hata hivyo. Wengi wanakumbuka mwamba. Mimi nakumbuka zile hatua zake kutoka katikati ya uwanja kwenda kupiga tena.

Miezi kadhaa baada ya fainali yetu, maji yaliingia nyumbani usiku, umeme umekatika. Tulitoka salama. Nje ndipo nilipoona nilichookoa: rimoti ya televisheni. Vyeti vya watoto vilibaki droo ya chini kabisa.

Kichwa kilikuwa cheupe vilevile kama siku ya penalti. Tangu hapo siamini tena ushauri wa "tulia". Ukishapigwa na mshtuko, hutulii kwa kuambiwa. Unafuata ulichokwisha kuamua, kama kipo.

Kwa hiyo nyuma ya mlango kuna begi: tochi na betri zake, dawa za mama, pesa taslimu kidogo, nakala za vyeti ndani ya plastiki iliyofungwa, na karatasi yenye namba ya ndugu anayeishi mbali (simu ikizima, nani anakumbuka namba siku hizi?). Kando yake kuna madumu ya maji, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya siku 3. Watoto wanajua tutakutania wapi. Wanajua pia kwamba hatuvuki maji yanayokwenda kasi hata yakionekana machache: sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na 60 hubeba magari mengi.

Kwenye begi la mazoezi nako nimeweka karatasi, ya siku ya kufungwa. Simu nampa mke wangu mpaka asubuhi. Nakula, hamu iwepo isiwepo. Nampigia kaka yangu, ambaye mpira haujui na ataniuliza kama goli kipa analipwa zaidi. Mstari wa mwisho unasema: usingizi ukikataa wiki mbili, au nikianza kuona maisha hayana maana, nisingoje hata siku moja, niende kwa mtaalamu. Mstari huo unawahusu hata waliopoteza nyumba kwa mafuriko, tena wao zaidi.

Mwezi uliopita tulitolewa nusu fainali. Mke wangu alinyoosha mkono mlangoni kabla sijavua viatu, nikampa simu.