Kabla ya kumwandikia mgeni, andika swali

Nilipokabidhiwa kamati ya mihadhara ya chuo chetu, nilichukua karatasi nikaorodhesha majina ya wakubwa wa kualika waje kuzungumza. Askofu fulani, profesa fulani wa Makerere, mheshimiwa fulani. Karatasi ilijaa upesi, nikalala nikijiona nimemaliza kazi. Chuo chetu ni kidogo, cha kanisa, kiko huku magharibi ya Uganda karibu na mpaka wa Kongo, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala. Mkubwa akikubali kufika huku, hata wauza chapati wa langoni hupata habari kabla ya walimu.

Mheshimiwa ndiye aliyekubali kwanza. Tulimpa mada ya maadili ya uongozi. Alichelewa kwa saa mbili nzima, akaja na magari manne, akazungumza juu ya barabara atakayotutengenezea, akampa mkuu wa chuo bahasha ya "sukari ya wanafunzi", kisha akaondoka kabla mtu hajanyoosha mkono. Ukumbi ulipiga makofi. Jioni, kwenye foleni ya chakula, nilimwuliza kijana wa mwaka wa pili amejifunza nini. Akacheka. "Mwalimu, kwani yeye alikuja kufundisha?"

Baada ya hapo nilifunga daftari kwa kamba kwenye meza ya maktaba, na kalamu pembeni (kalamu huibiwa kila wiki, nimezoea). Wanafunzi wanaandika humo maswali yanayowasumbua, bila majina. Mengi ni ya mahari na uchumba. Mmoja aliandika kwamba godoro lake lina kunguni, na kweli lilikuwa nao. Lakini kila muhula hutoka maswali manne au matano mazito, na hayo ndiyo yanayoniambia nimtafute nani.

Swali lililonifundisha kazi hii lilikuwa hili: "Mume akifa bila wosia, mchungaji asimame upande wa mjane au wa ukoo?" Ningekuwa bado na karatasi yangu ya majina, ningemwita askofu. Nilikwenda kwa akina mama wa Mothers' Union wa parokia ya jirani, wakanitajia wakili mmoja, dada wa makamo, ambaye baada ya ibada hukaa kwenye benchi la nyuma akiwasaidia wajane kujaza fomu. Hakuwahi kupanda jukwaa lolote. Nilipomwalika aliniuliza mara mbili kama sijakosea namba.

Alikuja na chaki tu. Akaandika ubaoni tarakimu nne: 20, 75, 4, 1. Akaeleza kwamba sheria ya mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 inamgawia mjane asilimia 20 ya mali ya marehemu asiyeacha wosia, watoto 75, ndugu waliomtegemea 4, na mrithi wa mila 1. Kabla ya hapo mjane alipata 15. Nyumba waliyokuwa wakiishi haiingizwi katika mgawo huo, inabaki kwa mjane na watoto. Ukumbi ulinyamaza. Wengi wetu tulikua tukijua kwamba yule anayevishwa nguo ya gome na kukabidhiwa mkuki siku ya matanga ndiye mwenye vyote. Kumbe sheria inamwona kwa asilimia moja!

Mwanafunzi mmoja, mtu mzima ambaye tayari anaongoza ibada kijijini kwao, akasimama. "Mama Wakili, kwetu ardhi ni ya ukoo. Mwanamke alikuja tu." Yule dada hakumkemea. Akamwuliza ni nani analima ile ardhi, nani alilipa ada ya shule kutokana nayo, na marehemu alipotaka kuiuza, je, mke aliulizwa? Maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mke au mume kabla ardhi ya familia haijauzwa. Umeme ukakatika katikati ya mabishano. Jenereta likagoma. Hakuna aliyeondoka, walisogeza viti mbele, wakawasha tochi za simu, wakaendelea mpaka wapishi wakaja kulalamika kwamba chakula kinapoa.

Nikagundua ugonjwa wetu sisi watu wa kanisa. Tunamchagua mgeni kwa jinsi alivyohubiri. Tulimsikia kwenye mkutano wa injili, watu wakalia, tukasema huyu anatufaa. Mahubiri huisha kwa Amina, na baada ya Amina hakuna anayenyoosha mkono. Mhadhara ni kinyume chake, ile saa ya mwisho ya maswali ndiyo tunayoilipia nauli. Nimewahi kumleta mhubiri hodari, akanguruma dakika tisini, na swali la kwanza tu likamkasirisha. Akamwambia binti wa watu kwamba ana roho ya ubishi. Siku ya pili nilimwomba yule binti radhi mbele ya wenzake, maana mimi ndiye niliyemleta mgeni.

Sasa hivi kabla sijaandika barua, napiga simu. Naamkia, tunaulizana habari za nyumbani na za mvua, kisha namsomea swali kutoka kwenye daftari nikanyamaza. Akianza kufikiri kwa sauti, akasema "upande huu, lakini pia", nachukua kalamu. Akisema "hilo tuliweke kwenye maombi", namshukuru na kumtakia siku njema.

Mkuu wa chuo hakuupenda mtindo huu siku zote. Kuna muhula swali lilikuwa: "Mwanafunzi akimtii Mungu kwa kumkaidi mkuu wa chuo, nani ana haki?" Alilisoma, akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, unatafuta mgomo?" Nikamkumbusha kwamba jambo hilo limeshatokea Uganda. Mwaka 1941 Chuo cha Bishop Tucker kule Mukono, ambacho leo ni Uganda Christian University, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Balokole, yaani "waliookoka" wa uamsho wa Afrika Mashariki, William Nagenda, aliyekuja kuwa mhubiri mashuhuri, akiwa mmoja wao, kwa sababu waliendelea na mikutano yao ya alfajiri na mahubiri ambayo uongozi uliyakataza. Nusu ya wanafunzi wetu ni wajukuu wa uamsho ule. Wimbo wa "Tukutendereza" waliusikia wakiwa mgongoni mwa bibi zao. Mkuu aliguna, akatia saini.

Mgeni alikuwa mzee mstaafu aliyefundisha historia miaka mingi katika shule za sekondari. Alisimama kwanza upande wa vijana walioona chuo kimelala. Kisha akahamia upande wa wakuu, walioona kwamba chuo hakiwezi kusimama kama kila mwenye kudai nuru anajichagulia kanuni za kufuata. Alipobanwa aseme nani alikuwa na haki, alivua kofia, akakaa kimya kidogo, akasema amebadili mawazo mara mbili maishani, akaeleza kila mara ni kwa nini. Mabweni hayakulala wiki ile. Mgomo haukutokea, ingawa watu watatu waliacha kusalimiana.

Kuhusu imani ya mgeni, kamati yetu imegombana mara nyingi. Wapo wanaotaka kila anayeshika kipaza sauti akiri imani yetu neno kwa neno. Kasisi wa chuo ndiye aliyetutuliza: ibada ya asubuhi iongozwe na mtu wetu, mhadhara utolewe na mtu anayelijua jambo. Kwa njia hiyo tulimwalika mwalimu Mwislamu atueleze jinsi familia zilizochanganyika dini zinavyozika wafu wao, na hakuna aliyesilimu.

Mambo madogo nayapitia haraka. Msiweke mhadhara karibu na tarehe 3 Juni, maana mapadri na wachungaji wote wako njiani kwenda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Tarehe 16 Februari kila chuo kinamtaka mzungumzaji wa siku ya Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa enzi za Rais Idi Amin. Mtafuteni atakayesoma ile barua ambayo maaskofu walimwandikia Amin siku chache kabla Luwum hajauawa mwaka 1977, maana habari ya kifo chake wanafunzi wanaijua tayari. Katika barua ya mwaliko andikeni swali lenyewe, dakika 45 za kuzungumza na 45 za maswali, na kiasi cha fedha. Kiandikwe kwa tarakimu. Ile aibu yetu ya kuficha bahasha kiganjani wakati wa kuagana imetupotezea wageni wazuri waliorudi nyumbani kwa nauli ya mfukoni mwao.

Na lugha. Mihadhara yetu ni ya Kiingereza, lakini wanafunzi waliotoka Beni na Bunia, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, wanafikiri kwa Kiswahili, na swali linalotafsiriwa kichwani hufika jukwaani limepoa. Kwa hiyo namwuliza mgeni mapema kama atapokea maswali ya Kiswahili. Profesa mmoja kutoka Kampala aliniambia, akicheka, kwamba tangu utotoni Kiswahili alikisikia kwenye vizuizi vya askari tu, na akisemeshwa anatafuta kitambulisho. Tulimpa mkalimani. Alipoondoka alikuwa anasema "asante sana" bila kugusa mfuko.

Muhula huu swali linaloongoza daftari ni la mtu aliyeombewa akaambiwa amepona: je, aache dawa za kupunguza makali ya UKIMWI? Nilimpigia daktari mmoja ambaye vyuo vingi vinamgombania. Akalisikiliza, akasema majibu ya kitabuni anayo, lakini anayelishughulikia kila wiki ni muuguzi wa kituo cha afya cha kwao, mama ambaye pia ni mzee wa kanisa. Akanipa namba yake. Zamu ya huyo mama inaisha saa kumi na mbili jioni, nami nimeshaweka salio kwenye simu.