Gundi Haitakushikia Kolekole

SWALI: Shikamoo fundi. Nimechonga popa, chambo bandia cha mti cha kuvuta juu ya maji, kwa mninga, urefu sentimita 20, unene sentimita 4 pale ilipo nene. Puani, tumboni na mkiani nimefunga skrubu za pete, na kila tundu nililijaza epoksi kabla ya kukaza. Tumboni nimeweka uzito wa risasi, gramu 30. Juzi tulikuwa mbele ya Kimbiji, kolekole mkubwa akaipiga juu ya maji. Hata dakika mbili hazikuisha, skrubu ya tumboni ikang'oka na ndoana yake, samaki akaenda zake. Naomba unitajie gundi kali kuliko hiyo. Swali la pili dogo: nikiacha kuivuta, popa inazama taratibu huku imelala ubavu. Nifanyeje? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa samaki huyo. Gundi sikutajii, kwa sababu gundi unayoitafuta haipo. Hapa karakana, Msasani, swali hili linaingia mlangoni kila mara, na mwenye kuuliza huwa ameshika popa yenye tundu tupu tumboni. Mmoja ametumia gundi ya viatu, mwingine epoksi ya mabomba, mwingine ameambiwa achanganye epoksi na vumbi la mbao ili ishike zaidi. Wote wanatafuta kitu cha kuifunga skrubu ndani ya mti, na hakuna aliyejiuliza skrubu imefuata nini humo. Nguvu ya samaki haitakiwi kupita kwenye mti hata kidogo.

Tazama kinachotokea humo ndani. Popa inachongwa kwa kufuata urefu wa mti, kwa hiyo pua na mkia ni kichwa cha ubao. Skrubu inayoingia kichwani mwa ubao inapita sambamba na nyuzi za mti: inazitenganisha, haizikati, na haipati pa kung'ata. Mwulize seremala yeyote wa Keko kama atafunga bawaba ya mlango kwa skrubu ya kichwani. Atakukatalia, na mlango hauna meno wala mkia. Tumboni skrubu inakata nyuzi, kwa hiyo inashika vizuri zaidi, lakini hapo unene ni sentimita 4, nusu yake umeitoboa kwa ajili ya risasi, na kilichobaki cha kushika ni kidogo mno.

Kisha maji. Ukirusha popa asubuhi nzima juu ya mwamba, rangi inapasuka pale pete inapotoka kwenye mti, kwa sababu ndoana inacheza na kupiga mwili kila inapotua. Maji ya chumvi yanapenya kwenye mwanya huo. Mti unavimba, jioni ukikauka unasinyaa, kesho unavimba tena, na tundu linapanuka bila wewe kuona. Epoksi haivimbi wala kusinyaa pamoja na mti. Inabaki imesimama kama ilivyo hadi inaachana nao. Na kwenye uzi laini wa skrubu ya stenlesi isiyokwaruzwa kwa msasa, epoksi hata mwanzoni haishiki inavyodhaniwa.

Baada ya hapo ndipo anakuja kolekole. Wanaomvua kwa popa wanafunga breki ya rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, kilo 10 hadi 15, kwa sababu samaki huyu akipiga anageuza kichwa na kukimbilia mwambani, na usipomzuia katika sekunde za mwanzo mshipi utakatika kwenye matumbawe. Mshipi wenyewe ni wa kusuka, haunyumbuki. Kwa hiyo kila anapotikisa kichwa, mtikisiko wote unafika kwenye ile pete, tena kwa pembeni, maana ndoana iko kwenye taya na mwili wa popa umekwama nje ya mdomo. Skrubu inayovutwa wima inaweza kukuvumilia. Inayovutwa upande inatumika kama mtaimbo wa kupasua mti. Kolekole mkubwa kuliko wote aliyesajiliwa kuvuliwa kwa mshipi, Japani mwaka 2006, alikuwa na kilo 72.8. Huhitaji kumfikia huyo. Wa kilo 20 anatosha kuing'oa skrubu yako.

Dawa yake ni waya mmoja kutoka pua hadi mkia. Tafuta waya wa stenlesi daraja la 316, unene milimita 1.6 hadi 2. Mafundi wa kuchomelea wanazo fimbo zake nyembamba zisizo na unga, urefu mita moja, na fimbo moja inatosha popa mbili. Usikubali kupewa spoki ya baiskeli, na waya wa kufungia nondo usiulete hata karibu. Pasua mfereji mwembamba tumboni kwa msumeno, kutoka pua hadi mkia, kina chake kipite kidogo katikati ya mwili. Waya unalala humo ukiwa kipande kimoja. Mbele unakunja kitanzi cha kufungia mshipi, nyuma kitanzi cha ndoana ya mkia, na kila kitanzi unakizungushia waya wenyewe mara tano au sita, kwa koleo, umekaza sawasawa. Ndoana ya tumboni inaning'inia kwenye suveli, kile kiungo cha chuma kinachozunguka: jicho lake la juu linavishwa kwenye waya kabla hujafunga kitanzi cha pili, jicho la chini linatokeza nje. Ukiuziba mfereji kwa kipande cha mti na epoksi, hapo epoksi inafanya kazi yake halali, nayo ni kuzuia maji.

Sasa samaki akivuta, anavuta waya, na waya unavuta mshipi. Mwili wa popa unaweza kupasuka vipande viwili na bado samaki akaja botini. Nimeona popa za namna hiyo zimebaki waya na makombo ya rangi, na samaki yuko palepale kwenye ndoana. Hicho ndicho kipimo.

Kuhusu kuzama, hesabu yako iko wazi. Mwili wa sentimita 20 kwa 4, ukishauchonga pua na mkia, unabaki na ujazo wa kama sentimita za ujazo 200. Ujazo huo unasukuma maji ya bahari gramu 205 hivi, na chochote kizito kuliko hapo kitazama. Mninga mkavu unakaribia gramu 0.63 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo mwili peke yake ni gramu 125. Ndoana mbili kubwa za meno matatu na pete zake ni kama 60. Rangi, gundi na skrubu, 15. Umeshafika 200 kabla ya risasi, nawe umeongeza 30. Ingeeleaje? Mninga ni mti mzuri wa kitanda. Chonga kwa msonobari mkavu usio na fundo, ambao ni kama 0.48: mwili utakuwa na gramu 95 hivi, na hata baada ya ndoana, waya, suveli na rangi utakuwa na nafasi ya risasi gramu 15.

Risasi hiyo ikae chini ya waya, karibu na ngozi ya tumbo. Ukiiweka katikati ya mwili haina cha kuirudisha popa wima, ndiyo maana yako inalala ubavu. Kwa popa yenye mdomo wa kikombe isogeze nyuma, ili mkia uzame na mdomo ubaki umeinuka juu ya maji. Ukivuta kwa mkupuo, kikombe kinakamata maji na kuyarusha mbele. Kabla ya kuziba tundu, ipime kwenye ndoo ikiwa na ndoana zote na pete zote, na maji yawe ya chumvi, gramu 35 za chumvi kwa lita. Rangi usiisumbukie. Kolekole anaitazama kutoka chini, jua likiwa juu yake, na anachoona kwanza ni kivuli na vurugu ya maji.

Haya ya kupima na kuchonga kila mtu atajifunza. Linaloniudhi ni wanaoyajua na wanauza kinyume. Siku hizi mtu anachukua simu, anatundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye pete ya popa yake ya skrubu, anaiacha ining'inie, halafu anaandika kwamba imepimwa kilo 20. Watu wanaamini, wanatuma pesa. Jaribio hilo halisemi lolote. Mti ni mkavu na mpya, mzigo umetulia, unavuta wima, mara moja tu. Kolekole anavuta pembeni, kwa kustukiza, mara nyingi, na mti umeshalowa. Anayetaka kupima kweli ailoweke popa usiku kucha, aikaushe juani, arudie hivyo siku kadhaa, kisha aibane mwili kwenye jiliwa na kuivuta pete ya tumboni kwa upande. Sijaona muuzaji yeyote wa skrubu akiweka video ya namna hiyo.

Hasara si ya pesa tu. Wewe ulibahatika, ilitoka skrubu ya tumboni na samaki kaondoka na ndoana moja. Ikitoka ya puani, anaondoka na popa nzima. Ndoana ya tumbo iko taya la juu, ya mkia iko taya la chini, na kati yake kuna gogo la sentimita 20. Mdomo umeshonwa, hali chakula, atakufa polepole mahali ambapo hakuna atakayemwona. Kolekole si dagaa wa kujaa tena msimu ujao. Mkubwa wa namna ile amechukua miaka mingi kukua, na wanaomwinda kwa popa wengi wao wanakusudia kumrudisha majini akiwa hai. Hakuna maana ya kumrudisha huyu kwa uangalifu, huku yule aliyekatika ameachwa na chuma kinywani kwa sababu fundi alibana matumizi ya waya.

Na kuna walio botini. Mshipi ukiwa umekazwa kilo 12 na skrubu ya tumbo ikang'oka, kilichobaki, gramu 200 pamoja na ndoana ya mkia, kinarudi kwenye njia ileile ya mshipi, nayo inaishia usoni pako au kwa nahodha aliyesimama nyuma yako. Miwani ya kuvulia ni ya kukinga macho kabla ya kuwa ya jua. Kile kijino cha ndani ya ndoana kiminye kwa koleo hata kabla ya kutoka nyumbani; ndoana isiyo na kijino inatoka mkononi mwa mtu hapo hapo, yenye kijino inakupeleka Muhimbili.

Kwa anayenunua popa iliyotengenezwa tayari, iwe ni ya hapa au imetoka nje, mwombe muuzaji koleo. Bana pete ya puani, ijaribu kuizungusha kwa nguvu ya wastani. Ikisogea hata nusu ya robo ya mzunguko, ndani kuna skrubu. Kitanzi cha waya uliopita mwili mzima hakizunguki. Kisha tazama tumboni: ukiona suveli inayocheza, muulize inashikwa na nini humo ndani, maana wapo wanaochomeka suveli bandia juu ya skrubu ili ifanane na ya waya. Ivute upande, usiivute chini. Mwenye popa ya waya atakuachia uivute utakavyo. Akianza kukuambia utaharibu rangi, mrudishie popa yake.