Ini na mapafu hutoka yote kwenye tabaka la ndani?

Umeuliza kama ini na mapafu hujengwa na tabaka la ndani la kiinitete peke yake. Hapana, ingawa ndilo linaloanzisha.

Tabaka hilo, endodermi, hujitokeza wiki ya 3 baada ya mimba kutungwa, likiwa bapa kama karatasi. Wiki ya 4 kiinitete hujikunja, na endodermi inakuwa mrija: utumbo wa awali. Kuanzia hapo mambo yananoga kweli! Upande wa mbele wa mrija, chini ya koromeo, hutokeza chipukizi moja. Linagawanyika kuwa mawili, pafu la kulia na la kushoto, kisha matawi yanazidi kugawanyika hadi vifuko vya hewa. Ini huchipuka chini zaidi, utumbo mwembamba unapoanzia. Kongosho huanza na machipukizi mawili ambayo baadaye huungana.

Ila endodermi hutoa tu utando wa ndani wa viungo hivi, na seli za kazi za ini na kongosho. Misuli na mishipa ya damu inayovizunguka viungo hivyo ni ya tabaka la kati, mesodermi. Moyo na figo pia ni vya mesodermi, usivichanganye humu.