Usiyafute hayo maswali 11 kabla hujawasikiliza wanafunzi

Mwalimu, usiyafute. Umeuliza kuhusu idadi ya maswali, muda wa mtihani na usahihishaji wa sehemu ya maelezo, lakini kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho: kwamba alfa ya mtihani wako wa sayansi, yaani kipimo cha jinsi maswali yake yanavyoendana, ambacho kadiri kinavyokaribia 1 ndivyo yanavyoendana zaidi, ni 0.71, kwamba ukiondoa maswali 11 kati ya 40 ya kuchagua itapanda hadi 0.85, na kwamba baada ya hapo utautangaza mtihani kuwa halali. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na waliolipia kosa langu ni wanafunzi 27.

Mtihani wangu ulikuwa na maswali 50 ya fizikia, na ulikusudiwa kubaini nani ana uelewa wa kutosha kuingia darasa la juu. Katika jaribio la awali nilipata alfa ya 0.74. Nikaanza kuondoa, moja baada ya jingine, kila swali ambalo waliolipata hawakuwa wale waliofanya vizuri katika mtihani mzima, hadi yakabaki maswali 32 na alfa ikafika 0.86. Sikujiuliza yaliyoondoka yalikuwa yakipima nini. Yalikuwa karibu maswali yote ya kupanga majaribio, kusoma grafu na kukagua vipimo, yaani stadi zile zile ambazo darasa la juu lingezidai.

Muhula ulipofika katikati, walimu wa darasa hilo walilalamika kwamba wengi niliowapeleka hawakuweza kueleza kwa nini taa hufifia inapoongezwa nyingine kwa mfuatano, ingawa swali hilo walilipata kwenye mtihani. Niliketi na wanafunzi sita, mmoja mmoja, nikawaomba waufanye upya huku wakisema kwa sauti kila wanachowaza. Wa tatu aliniambia waziwazi kwamba hakulijua jibu, bali alichagua lililo refu kuliko mengine, kwa sababu katika mtihani ule jibu refu ndilo lililokuwa sahihi karibu kila mara. Nilihesabu nikakuta maswali 23 kati ya 32 yako hivyo, maana nilipoyatunga nilikuwa nikiliongezea jibu sahihi maneno ya tahadhari ili mtu asije akalipinga. Aliyeugundua mtindo huo alipata mengi, asiyeugundua alikosa mengi, na hicho ndicho kilichoyafanya maswali yaendane. Alfa, ambayo mwanasaikolojia Lee Cronbach aliieleza mwaka 1951, inaonyesha kwamba maswali yanaendana. Haisemi yanaendana kwa sababu gani.

Wanafunzi 27 walirudishwa darasa la kawaida baada ya kupoteza muhula, na waliostahili nafasi zao sikuweza hata kuwatambua, kwa kuwa maswali ambayo yangewaonyesha niliyafuta mimi mwenyewe.

Bado nina hasira na mtaalamu mwelekezi aliyetufundisha kwamba alfa ikivuka 0.80 kazi imekwisha. Kwa siku tatu alilitumia neno uhalali, yaani mtihani kupima kile unachodai kupima, kana kwamba ni jina jingine la kuaminika, yaani alama kutoyumba, wala hakuwahi kutufungulia swali moja akatuuliza mwanafunzi anafanya nini kichwani hadi alijibu. Anayefundisha hesabu hiyo bila kufundisha mipaka yake anawadhuru watoto asiowaona.

Ni kweli kwamba alama inayoyumba ovyo kutoka wiki hii hadi wiki ijayo, ilhali mwanafunzi hajajifunza jipya, haiwezi kutegemewa kwa uamuzi wowote. Lakini kutoyumba peke yake hakuthibitishi kwamba unapima unachodai kupima. Hata wingi wa maswali huipandisha alfa: mtihani wenye 0.60, ukirefushwa mara mbili kwa maswali ya aina ile ile, hutarajiwa kufika 0.75, hata kama yote yanapima kitu kisicho sahihi.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta hata swali moja, keti na wanafunzi watano au sita wa viwango tofauti, wasikilize wakiwaza kwa sauti, kisha rudi kwenye jedwali la utahini, ule mpango unaoonyesha kila stadi ipimwe kwa maswali mangapi, uone kama kila stadi bado ina maswali yake. Swali linaloshusha alfa huenda lina kosa katika mwongozo wa majibu, au lugha yake inachanganya. Huenda pia ndilo pekee linalopima stadi ambayo mengine hayaigusi. Anza na lile la 17, linalomtaka mwanafunzi achague vifaa vya kupimia kasi ya mpira unaobingirika, kisha utuandikie hapa walichokisema walipokuwa wakilijibu.